Kelele za Mtani Njia ya Jiweni

Mama yangu hakuwahi kusikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Alikuwa na mlima. Kila asubuhi pale kwetu Kihonda, akishamaliza kuswali, alifungua mlango, akasimama barazani na ndoo ya nguo chafu, akautazama Uluguru kama mpangaji anavyomtazama mwenye nyumba ajue leo ameamkaje. Mlima ukiwa wazi mpaka juu, anafua. Ukiwa umejifunika shuka, ndoo inarudi ndani. Sisi wanawe tulimcheka sana, lakini sare zetu za shule hazikuwahi kunyeshewa kambani. Za majirani waliosikiliza redio zilinyeshewa kila mara.

Ndiyo maana nilishtuka asubuhi ile. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia hapohapo barazani. Nilikuwa natia mashine mafuta, mama akatoka na ndoo yake, akasimama mahali pake pa siku zote, kisha akaniuliza, "Mlima ukoje leo?"

Ulikuwa wazi, kila bonde linaonekana. Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwa ukali wangu, maana mdomo wangu hauna breki na mtaa mzima unajua, kwamba macho si anayo. Aliposhuka uani mguu wake ukakosa ngazi, akaenda chini na ndoo yote.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Kilichokwishapotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Daktari alimweleza kwa upole kwamba macho yake sasa ni kama ya mtu anayechungulia kwenye bomba, katikati anaona kidogo, pembeni giza, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Tulipotoka nje akafunga kanga yake vizuri na kusema nimpandishe Jiweni kiangazi hichohicho, kabla mvua hazijaanza.

Jiweni ni kilele cha mwamba mtupu juu kabisa ya mgongo wa mlima, pale msitu unapoishia. Upande mmoja unautazama mji, upande wa pili unayatazama mabonde alikozaliwa mama. Sisi Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na ardhi inashuka kupitia kwa wanawake. Katika ukoo wetu msichana akishatolewa uwali, mama yake humpandisha Jiweni na kumwonyesha mashamba kwa kidole: hapa panaanza, hapa panaishia, huyu ndiye jirani, hiki ndicho kisima. Ukiwa shambani huoni kitu, unaona migomba tu. Mipaka inaonekana kutokea juu. Bibi alimwonyesha mama, na kila mpaka akamfinya sikio ili asisahau.

Mimi hakunionyesha mtu. Nilivunja ungo mjini, wakati mama anafanya kazi ya zamu kiwandani, nikatolewa uwali harakaharaka, na safari ya Jiweni ikasemwa ni mwakani. Mwakani ikazaa mwakani nyingine. Niliolewa, nikaachika, nikalea binti yangu, na bado ilikuwa mwakani. Nilichokijua kuhusu mashamba yale ni cha utotoni, likizo kwa bibi. Nakumbuka karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka zikinukia nyumba nzima, magome ya mdalasini tuliyoyatafuna mpaka ulimi ukawaka, na mananasi ambayo bibi aliyakata kwa panga huku ametupa mgongo tusione ni nani aliyepata kipande kikubwa. Siku zile sikujua kwamba kuna kitu kinaitwa mpaka. Nilidhani mlima wote ni wa bibi.

Baada ya bibi, mjomba ndiye aliyeyaangalia mashamba. Mjomba naye akafa. Kwa hiyo mtu pekee aliyebaki anayejua wapi panaanza na wapi panaishia alikuwa huyu mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yanafunga.

Nilikataa. Nilimwambia hapandi mlima mtu asiyeona ngazi ya uani. Akanitazama kwa dharau na kusema kwamba karibu ndiko kunamsumbua, mbali anaona vizuri kabisa. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Hata hivyo nilimpigia simu baba mdogo aje anisaidie kumkataza.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake marehemu baba. Baba alikuwa Mzigua aliyekuja Morogoro kutafuta kazi akakwama kwa mama, na Wazigua na Waluguru ni watani. Baba mdogo basi alikuwa na ruhusa mbili za kumtukana mama, ya kabila na ya ushemeji, na hakuacha hata moja ilale bure. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, atakuja kuzungumza naye kiutu uzima.

Alikuja kweli, alfajiri, na jembe begani.

Nilimwamkia, nikamuuliza jembe ni la nini. Akajibu kwa sauti ya kuamsha mtaa kwamba mtani akifa ni kazi yake kumzika, na yeye hana nguvu za kumshusha Mluguru mzito kutoka kileleni, hivyo atamfukia palepale atakapodondokea. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akamwambia basi achimbe pana, maana Mzigua akiona shimo hujitumbukiza mwenyewe akidhani ndani kuna wali. Nilijua nimeshindwa. Nikaenda kuchemsha mihogo na kujaza chupa ya chai.

Bodaboda zilitufikisha barabara inapoishia, kwenye matuta ya kabichi na stroberi. Kipupwe kilikuwa kimekolea, pumzi zetu zinatoka moshi. Kutoka hapo ni miguu. Baba mdogo alitangulia na jembe lake, mama akafuata na fimbo, mimi nyuma na mzigo. Nilitaka kumshika mkono, akanipiga kikumbo. Akasema yeye njia ile alipita akiwa msichana, pekupeku, mkungu wa ndizi kichwani, kupeleka sokoni mjini, na hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Na hapo ndipo kelele zilipoanza. Jamani, baba mdogo alisema! Tangu kwenye kabichi hakufunga mdomo. Waluguru mna miguu mifupi kama ya kuku, hebu inueni hapa juu kidogo, kuna mzizi. Haya, Mluguru, mkono wa kulia kuna mti mnene, usiukumbatie ukadhani ni mchumba. Pita kushoto, kushoto kabisa, huko kulia ndiko Waluguru walikokimbilia walipomwona Mzigua wa kwanza. Mama anajibu, yeye anajibu, mama anacheka, yeye anaongeza sauti. Mimi huku nyuma nahema, goti linauma, raba zimejaa tope, na masikio yananivuma.

Msituni njia inasimama kama ukuta. Ni mizizi juu ya mizizi, na tope jeusi ambalo hata kiangazi halikauki kwa sababu ya ukungu. Baba mdogo alichimba vidaraja kwa jembe, akigonga kwa nguvu na kutangaza kila pigo. Mama alipanda polepole sana, lakini alipanda. Mara nyingine alisimama, akagusa gome la mti, akanusa mkono wake, akatabasamu peke yake. Nilimwuliza anacheka nini. Akasema hapo ndipo walipokuwa wakitua mizigo na wenzake, na mwenye mkungu mdogo alilazimishwa kucheza ngoma. Wenzake wote wamekwisha kufa, akaongeza, hata yule aliyekuwa akicheza vizuri.

Sasa mimi, pamoja na mdomo wangu huu, ni mtu wa kupenda kimya. Napenda sauti ya cherehani yangu na basi. Tulipofika sehemu njia ilipolegea kidogo, ndege wanalia juu, ubaridi mzuri, nikaona hapa walau tunaweza kutembea kama binadamu. Nikamwomba baba mdogo, kwa adabu lakini kwa meno, atupumzishe masikio kidogo. Alisimama, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akamtazama mama. Mama akasema, "Mwache mtoto apumzike, shemeji."

Akanyamaza. Tukatembea. Nilifurahi kweli. Mbele njia ilikata kona kwenda kushoto, baba mdogo akakata, na mama akaenda moja kwa moja.

Nilimwona akikanyaga hewa. Hakupiga hata kelele. Aliporomoka kwenye korongo, Mungu saidia kulikuwa na magugu mengi yakamzuia, lakini muundi ulipasuka kwenye jiwe na damu ikachuruzika mpaka kwenye kiatu. Tulimvuta juu kwa kanga.

Nilipandwa na mori. Nilisema turudi sasa hivi. Nilisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikakumbuka mkuu ni yeye, nikazidi kukasirika. Nilimwambia mashamba hayajawahi kunilisha mimi, cherehani ndiyo iliyonilisha, na sihitaji kuonyeshwa migomba kwa gharama ya mguu wa mama yangu. Nikamgeukia baba mdogo nikamwambia yeye ni mtu mzima na alipaswa kumkataza, badala yake kaja na jembe. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtoto.

Mama alikuwa anapasua ukingo wa kanga yake. Aliponiona nimeishiwa pumzi akanyoosha kile kitambaa kuelekea upande wangu.

"Umemaliza? Haya, nifunge vizuri. Maji nimekwisha kuyavulia nguo."

Nikamfunga. Nilikuwa nalia, na sikujificha. Baba mdogo akatangulia tena, na kelele zake zikarudi maradufu, Waluguru hawa, Waluguru wale, wanatembea kama wamefungwa kamba, kona kushoto, inama kuna tawi, hapa pana utelezi mama yangu. Safari hii sikusema neno.

Miti ikaanza kufupika, imeota ndevu za ukungu, kisha ikaisha ghafla na mwamba ukaanza. Hapo si kutembea tena. Ni kutambaa. Jiwe ni baridi, limeinuka kama paa la nyumba, upepo unasukuma, na pande zote mbili unasikia utupu kwa tumbo. Mimi ninayesema ovyo chini nilifika pale nikakauka. Nililala kifudifudi nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Baba mdogo alichomeka jembe kwenye ufa wa jiwe juu yetu, mpini ukining'inia, akamwambia mama ashike, kaburi lake lipo hapa. Mama akapapasa hewani, akaupata mpini, akajivuta. Walikwenda hivyohivyo, jembe linasogezwa ufa mmoja baada ya mwingine, mama anapapasa na kujivuta, mimi nasukuma miguu yake kwa chini, mpaka jiwe likalala bapa na hapakuwa na pa kupanda tena.

Tulikuwa tumefika, na hapakuwa na kitu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Jiweni zima. Nilikuwa siioni hata mikono ya baba mdogo anayemimina chai.

Mama hakujali. Alilowesha kidole akakipima upepo, akajigeuza kidogo, akakaa akielekea upande wa mabonde ya kwao, kanga mabegani, mguu uliofungwa ameunyoosha. Akasema kiangazi wingu halikai sana, tusubiri. Tukala mihogo. Akatusimulia siku yake na bibi pahala palepale, jinsi alivyokuwa anasinzia kwa uchovu, na bibi anamfinya sikio, na jinsi alivyoapa moyoni kwamba yeye mwanawe hatamfinya. Akacheka akasema alikuwa mtoto, hajui. Nilimtazama alivyokuwa akisimulia, uso umelegea, umekuwa uso wa msichana wa mkungu wa ndizi, nikasahau hasira zangu zote. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni.

Kisha upepo ukageuka. Wingu lilichanika upande mmoja, likajikunja, likaondoka lote. Jua lilikuwa bado limejificha juu zaidi, ubaridi ni uleule, lakini chini yetu kila kitu kilikuwa wazi. Upande wa mji niliona barabara ya Mikese na malori yake madogo kama sisimizi, na treni ya umeme inatoka Kihonda inakwenda Dar. Upande wa pili niliona mabonde. Yalikuwa mengi, ya kijani kibichi, yameshuka moja baada ya jingine, na vijito viwili vinang'aa vinakwenda kukutana. Sikuwahi kujua kwamba kwetu ni kuzuri namna ile.

Nikamgeukia mama nimwone anavyofurahi.

Alikuwa amekaa vilevile. Uso umetulia, wa mtu aliye kwenye foleni ya hospitali ambaye anajua zamu yake itafika. Akapiga funda la chai, akasema kwa utaratibu, "Tusubiri tu. Litaondoka."

Nikamtazama baba mdogo. Mtu yule ambaye asubuhi nzima hakunyamaza ila pale nilipomnyamazisha mimi, alikuwa kimya, anakwangua tope kwenye jembe kwa ukucha, hanitazami. Hapo nikaelewa. Mti mkono wa kulia. Kona kushoto. Inama kuna tawi. Utani wote ule ulikuwa njia, na mama alikuwa akitembea juu ya sauti yake, na mimi nilikuwa nimeomba kimya.

"Mama," nikasema, "wingu limeondoka."

Hakushtuka.

"Tangu lini?"

"Kitambo kidogo."

Akaweka kikombe chini, akapapasa kuhakikisha kimekaa. Nikamwambia kwamba alinidanganya, alisema mbali anaona. Na kwa nini basi ateseke namna hii, apasuke mguu, aje kwenye jiwe asilione?

"Sikuja kuona," alisema. "Mimi nilikwishaona. Nimekuja kukuonyesha wewe. Lete mkono."

Aliniambia nitafute vijito viwili vinapokutana, nishike kidole chake nikiweke hapo. Nilipiga magoti nyuma yake, nikaukumbatia mkono wake kama anayemfundisha mtoto kuandika, nikakielekeza kidole penye makutano ya maji. "Hapo?" "Hapo, mama." Basi. Kutoka hapo hakunihitaji. Mkono ulianza kwenda wenyewe, taratibu, unapanda na bonde. Akasema shamba la kwanza linashika ukingo wa kushoto mpaka kwenye jiwe lililopasuka. Nikatazama ncha ya kidole, na jiwe lililopasuka lilikuwepo. Mkono wake wa pili ukanitafuta sikio, ukafinya. Mimi mtu mzima, mwenye binti wa sekondari, nilifinywa sikio juu ya mlima, na niliuma meno nikakubali. Mkono ukasogea. Mstari wa mikarafuu, chini yake ni kwa jirani, juu yake ni kwetu. Finya. Kisima, ni cha wote, asizuiwe mtu. Finya.

"Sasa panda kidogo juu ya kisima," akasema. "Kuna mfenesi mkubwa. Kitovu changu kimefukiwa chini yake. Unauona?"

Nikatazama. Hapakuwa na mfenesi. Palikuwa na kiwanja cheupe na nyumba ya bati la bluu.

Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, niliyewaambia wateja wangu usoni kwamba gauni halitawakaa, nilishindwa. Nilisema, "Nauona, mama."

"Una mafenesi?"

"Mengi."

Kidole kilisimama palepale hewani. Akanigeuzia uso.

"Mfenesi ule ulikatwa mwaka aliokufa mjomba wako, ukapasuliwa mbao. Nililetewa habari." Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Leo ukinionea huruma kwenye mfenesi, kesho utamwonea mtu huruma kwenye mpaka, na wajukuu zangu watakatana mapanga. Sema unachokiona."

"Nyumba. Bati la bluu."

"Ya nani?"

"Sijui."

"Utakwenda kuuliza. Haya, turudi kwenye vijito."

Baba mdogo akaangua kicheko, akasema ningekuwa Mzigua ningesema ukweli tangu mwanzo, na mama akamwambia Mzigua angesema ameuona na amekwisha kuula. Tukaanza upya. Safari hii alinifinya mpaka machozi yakanitoka, au yalikuwa yanatoka tayari, sijui. Tulipomaliza aliswali adhuhuri amekaa, baba mdogo akimwonyesha kibla kwa kumgusa bega tu, bila utani wowote. Kisha tukashuka, na njia nzima mimi nilikuwa namwomba Mungu baba mdogo asipate kikohozi.

Nilikwenda kuuliza, kwa barabara, baada ya mvua. Nyumba ilikuwa ya mtoto wa mjomba, ambaye kwa mila yetu ni wa ukoo wa mama yake, si wetu. Alijenga kwa sababu hakuna aliyemwambia pa kuishia. Nilimtajia mipaka kuanzia vijito mpaka kisima bila kumeza mate, wazee wa pale wakatazamana. Tulikaa, tukaongea, tukakubaliana abaki na nyumba yake, mashamba yarudi ukooni. Hakuna panga lililotoka.

Bomba la macho ya mama lilifunga kabisa mwaka uliofuata. Hakulalamika. Kila asubuhi anatoka barazani na kuniuliza mlima ukoje, nami nasimamisha cherehani, natazama, na nasema ninachokiona.

Baba mdogo alitutoka kipupwe kilichopita. Mama alidai jembe. Nikalitafuta, akaenda nalo msibani kwake Kilakala, akaketi nalo mlangoni kama mtani anavyotakiwa, na jeneza lilipotolewa akasimama akapaza sauti kwamba Mzigua ni mwongo, aliahidi kumzika yeye, sasa anakimbia kazi. Watu walicheka. Hata mjane alicheka. Kisha mama akakaa chini, akaulalia mpini, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemgusa kwa muda mrefu.

Tulipoondoka jioni, kutoka nyumbani kwake mpaka barabarani ni kichochoro kibovu chenye mawe na mtaro katikati. Nilimshika mkono. Akauondoa. Nikatangulia polepole, nikijua anafuata. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama getini na jembe lake, uso ameuinua, anasikiliza.

"Sema kitu," aliniambia.

Utani mimi siujui.

"Piga kelele, mwanangu. Nijue njia iko wapi."

Basi nikasema nilichokuwa nacho. Nikaanza kwenye vijito viwili vinapokutana. Nikapaza sauti, watu wa msiba wakageuka kunitazama, sikujali. Ukingo wa kushoto mpaka kwenye jiwe lililopasuka, mama, hapa kuna mtaro, vuka. Mstari wa mikarafuu, chini yake kwa jirani, juu yake kwetu. Jiwe hapa, inua mguu. Nyumba ya bati la bluu, palipokuwa na mfenesi. Nilikwenda kinyumenyume nikitaja, naye akaja, hatua kwa hatua, jembe begani.

"Umeruka kisima," alisema.

Nikarudi kwenye vijito, nikaanza upya kwa sauti kubwa zaidi.